Kila Siku Isipokuwa Alhamisi

Hedifoni zilikuwa bado shingoni mwa maiti. Hilo tu ndilo lililomzuia Inspekta kufunga jalada.

Daktari alikuwa ameshaandika yake: mwanamume wa miaka sitini na minane, ameteleza kwenye vigae vya bafu, kisogo kimegonga ukingo wa sinki, basi. Mkuu wa kituo naye alitaka karatasi mezani kwake kabla ya wiki kwisha. Lakini Inspekta, mwanamke mfupi wa sauti ndogo ambaye askari wenzake walimwita Sindano akiwa hayupo na wakati mwingine hata akiwepo, alikuwa amezirudia picha za maiti mara tatu. Waya wa hedifoni ulikuwa umekatika mwishoni, shaba nje. Mtu anayekwenda bafuni kwa haja yake huvua hedifoni akaziacha mezani. Huyu aliinuka kwa nguvu mpaka waya ukakatika, na akakimbia.

Tena alikimbilia mlango wa bafu alioupigilia misumari kwa mkono wake mwenyewe miaka miwili iliyopita. Aliuvunja kwa nyundo, akaingia, akateleza.

Ijumaa, saa nane mchana, siku mbili baada ya kifo, Inspekta alikuwa amesimama katika chumba cha kazi cha marehemu. Majirani walimwita Mzee Karani kwa sababu alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu, na hata baada ya kustaafu mahakama ilimletea rekodi za kesi azigeuze maandishi. Chumba kilikuwa na meza, kiti chenye mto uliokonda, kompyuta moja, na ukuta mmoja mwembamba. Upande wa pili wa ukuta huo ndiko kulikokuwa na bafu.

Mwanawe wa pekee alikuwa ameegemea fremu ya mlango. Kazi yake ilikuwa kupima ardhi. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu, na alitazama saa yake kila baada ya muda.

"Baba yako alikuwa anasikia nini?" Inspekta aliuliza.

"Nani kakwambia anasikia kitu?"

"Barua iliyo juu ya friji. Hospitali ya wagonjwa wa akili, miadi Jumatatu. Saini ni yako."

Mpima ardhi alipumua kwa pua. "Alisema anamsikia mama. Asubuhi, akifungua nyaraka zake za kesi, mama anaita. Nilikaa naye jioni tatu mfululizo hapa hapa. Nikazifungua nyaraka zote moja moja mbele ya macho yake. Kimya! Nikamwambia, baba, umezeeka vibaya."

"Ukaishia hapo?"

"Nikamwambia akianza kujikojolea asitegemee mimi nimwoshe."

"Akajibu nini?"

"Aliniomba radhi."

Inspekta aliliandika neno hilo kama lilivyo, akavuta kiti akaketi. "Mama yako alifia wapi?"

"Si unajua. Komeo la bafu lilikwama, pumu ikambana. Baba alikuwa kwenye kiti hicho ulichokalia, hedifoni masikioni, anaandika kesi ya watu. Alipomaliza ukurasa wa mwisho ndipo akaenda kunawa mikono." Akaitazama saa yake. "Akaukuta mlango haufunguki."

Mlango wa mbele uligongwa. Alikuwa Fundi, mwanamume wa makamo mwenye begi la vifaa, ambaye ndiye aliyemtengenezea marehemu kompyuta ile. Inspekta alikuwa amemwita kwa simu bila kumweleza sababu, na alimketisha bila kumsalimu.

"Nionyeshe alivyokuwa anafanya kazi. Polepole, kama unamfundisha mtoto."

Fundi aliwasha mashine. Kioo kikawa cheusi chote, na juu yake yakatokea maandishi meupe makubwa kama ngumi. "Macho yake yalishachoka," alisema. "Programu za kawaida za kuandikia zilimchanganya, vitufe vingi. Nikampa kihariri hiki. Ni cha maandishi matupu, hakina mapambo. Sasa tatizo lake ni moja: kihariri hakijui kitu kingine ila maandishi. Ukikiambia kifungue picha au waraka uliopigwa skani, kinakutapikia alama zisizosomeka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo unakiwekea sheria. Unakiambia: ukikutana na picha, usihangaike nayo, mwite mwenye kazi ya picha. Ukikutana na sauti, ita programu ya sauti. Nyaraka za kesi, ita kisomaji cha nyaraka. Mzee alikuwa anaweka kishale juu ya jina la waraka, anabonyeza vitufe viwili, waraka unafunguka pembeni. Hakuhitaji kujua nani kaufungua."

"Fungua mmoja."

Fundi akabonyeza. Waraka wa kesi ukafunguka pembeni, mhuri wa mahakama juu yake. Hakuna sauti. Akafungua wa pili, wa tatu, wa kumi. Mpima ardhi akacheka kicheko kikavu mlangoni.

"Nilikwambia. Mzee alikuwa ameruka akili."

"Hizo sheria zimeandikwa wapi?" Inspekta aliuliza, kana kwamba hakumsikia.

"Kwenye faili la mipangilio. Nalo ni maandishi tu."

"Lifungue."

Zilikuwa sheria tatu tu, na kila moja ilikuwa na neno *fundi* mwishoni mwake. Fundi alikuwa na mazoea ya kutia alama kazi yake kama mshonaji anavyotia lebo. Alisoma ya kwanza kwa kidole, akasoma ya pili. Kwenye ya tatu kidole kikasimama.

"Nini?"

"Hii ya nyaraka... mimi sikuandika hivi. Niliielekeza kwenye kisomaji moja kwa moja. Hapa inaita kitu kingine, kimepewa jina linalofanana, kiko kwenye folda iliyofichwa."

"Lakini alama ni yako."

"Alama ni yangu, ndiyo, lakini mtu amefuta katikati akaacha mkia!" Jasho lilianza kumtoka Fundi juu ya mdomo. "Afande, nakuapia. Mimi nyumba hii sijakanyaga tangu mwaka jana."

"Unaweza kuingia humu bila kukanyaga. Nyinyi mafundi huingilia kwenye mtandao."

"Nilizima njia hiyo, mzee mwenyewe aliniomba. Angalia!"

"Nitaangalia. Na kama umenidanganya, vifaa vyako vyote nitavichukua, na wateja wako nitawaita mmoja mmoja kituoni niwaambie kwa nini. Sasa fungua hicho kitu kilichofichwa."

Kikafunguka. Nacho kilikuwa maandishi, mistari minane tu. Fundi aliisoma kimya, akairudia, na uso ukambadilika.

"Kinaangalia saa kwanza," alisema taratibu. "Kama ni kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, kinaita programu ya sauti, kinapiga faili fulani, halafu ndipo kinafungua waraka. Saa nyingine zote kinafungua waraka tu."

Mpima ardhi aliacha kutazama saa yake.

"Jioni tatu," Inspekta alisema bila kumgeukia. "Ulikuwa unakaa naye jioni." Kisha akamwambia Fundi, "Rudisha saa ya kompyuta. Weka Jumatano, saa tatu na nusu asubuhi. Na hizo spika ziwashe."

"Afande, labda yeye atoke kwanza..."

"Abaki. Alitaka kusikia."

Fundi akabonyeza vitufe viwili.

Kwanza kulisikika mkwaruzo, halafu kiganja kikipiga mbao. Halafu sauti ya mwanamke ambaye pumzi hazimtoshi: "Mume wangu! Nifungulie! Uko hapo hapo, hunisikii? Nifungulie..." Sekunde tisa. Waraka wa kesi ukafunguka pembeni kwa adabu, mhuri wa mahakama juu yake.

Mpima ardhi alikuwa amechuchumaa, mikono juu ya kichwa. Hakulia, alitoa mlio mdogo kama bawaba isiyotiwa mafuta.

"Tena," alisema Inspekta. "Weka Ijumaa."

Sauti ikaita. Jumatatu, ikaita. Jumanne, ikaita. Mara ya nne mpima ardhi alimsihi aache, na Inspekta akamwambia kwamba baba yake aliisikia asubuhi baada ya asubuhi wala hakuna aliyeizima. Kisha akasema, "Weka Alhamisi."

Fundi akaweka Alhamisi, saa tatu na nusu. Akabonyeza. Waraka ukafunguka. Kimya.

Akarudia. Kimya.

"Kuna mstari hapa nilidhani hauna maana," Fundi alisema. "Unaruka siku namba nne, na mashine huanza kuhesabu Jumatatu. Ya nne ni Alhamisi."

Inspekta aliinuka akazunguka chumba. Alipopita alinyoosha vidole viwili akagusa ukuta mwembamba, kama mtu anayepima rangi kama imekauka.

"Fundi, Alhamisi kwako ni siku gani?"

"Siku kama siku nyingine."

"Na wewe, mpima ardhi?"

"Nakwenda kazini. Kila siku nakwenda kazini."

"Basi nyinyi wawili Alhamisi haiwahusu. Aliyeandika hivi alikuwa na sababu ya kutaka nyumba iwe kimya siku hiyo. Ama hakutaka kugundulika, ama hakutaka kuisikia sauti yenyewe." Aliketi tena. "Nani huwa humu ndani Alhamisi asubuhi?"

 Mpima ardhi alionekana kama mtu anayehesabu kitu asichotaka kifike mwisho.

"Mama mdogo," alisema. "Huja kumpikia baba na kumfulia. Siku hiyo hana vipindi."

"Vipindi vya nini?"

"Anafundisha chuo cha uhazili. Kupiga chapa, na kompyuta."

Kompyuta ilikuwa na kumbukumbu ndefu kuliko watu wa nyumba ile. Fundi alionyesha kwamba sheria ya tatu ilibadilishwa Alhamisi moja, wiki tano nyuma, saa nne na dakika kumi na mbili, na mtu akiwa ameketi kwenye kibodi hiyo hiyo. Dakika saba kabla yake simu ilikuwa imechomekwa kwa waya, na aina ya simu hiyo iliandikwa pale. Inspekta alinakili yote kwa mkono. Kisha akamwomba mpima ardhi kitu kimoja: simu ya marehemu mama yake. Ilikuwa ndani ya droo, imezimwa kwa miaka miwili, maana hakuna aliyejua namba zake za siri. Kituoni kulikuwa na mtu asiyehitaji kuambiwa namba za siri.

Jumamosi, saa mbili na nusu asubuhi, mama mdogo aliletwa katika chumba cha mahojiano. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, nguo imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, miwani ikining'inia kwa mnyororo. Aliketi mgongo wima. Inspekta aliuacha mlango wazi. Kwenye benchi la korido, hatua nne kutoka hapo, aliketi mpima ardhi. Mwalimu alimpita akamgusa bega, naye hakuinua uso.

"Mwalimu, shemeji yako ulimpenda?"

"Alikuwa mume wa dada yangu."

"Sijakuuliza hilo."

"Afande, mtu kafa. Tuseme nini tena?"

Inspekta aliweka mezani karatasi moja: mistari minane iliyochapwa kwa herufi kubwa. Mwalimu alivaa miwani, akaisoma, akaivua. Hakupepesa macho.

"Fundi wake huyo," alisema.

"Fundi hajui kwamba Alhamisi unakaanga vitunguu jikoni kwa shemeji yako. Simu yako iko kwangu tangu jana jioni, na ndiyo iliyochomekwa kwenye ile kompyuta. Na ujumbe wa sauti zilikotoka zile sekunde tisa ulitumwa kwako. Simu zilizokuwa nao duniani ni mbili, na moja ilikuwa imezimwa ndani ya droo."

Mwalimu alitazama mikono yake. Ilikuwa imekaa juu ya meza, vidole vimejipanga kama viko juu ya vitufe. Alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ya darasani.

"Unajua alichokuwa anafanya? Dada yangu anakata roho, yeye yuko upande wa pili wa ukuta anaandika maneno ya watu wengine. Kila neno la hao watu alilisikia. Kikohozi cha shahidi alikiandika. Mkewe mwenyewe hakumsikia. Halafu watu wote wakamwonea huruma *yeye*. Wakamletea chakula. Mimi mwenyewe nikampikia miaka miwili. Siku moja namfulia shati, namsikia anapiga mluzi. Mluzi, afande! Nikasema, basi na asikie. Asikie kama dada yangu alivyotaka asikiwe."

"Wewe ujumbe huo uliusikia lini?"

"Jioni. Nilishapigiwa simu ya msiba. Wote wanajua."

"Kwamba uliusikia jioni, baada ya msiba."

"Ndiyo."

"Niandike hivyo?"

"Andika."

Inspekta hakuandika. Alitoa simu ya zamani yenye ufa kwenye kioo, akaiweka juu ya ile karatasi.

"Hii ni ya dada yako. Simu ya aliyetuma huweka kumbukumbu ya mpokeaji amesikiliza saa ngapi. Ujumbe ulitumwa saa nne na dakika sita asubuhi. Ulisikilizwa saa nne na dakika nane."

 Kidole kimoja cha mwalimu kilibonyeza meza.

"Tuusikilize wote," Inspekta alisema. "Wewe uliukata."

"Hapana."

"Ni sekunde arobaini tu."

"Afande, nakuomba..."

Inspekta akabonyeza. Sauti ile ile, lakini ikianzia mwanzo: "Mdogo wangu, nimekwama bafuni, komeo limegoma. Dawa yangu iko mezani. Shemeji yako ana vile vitu masikioni, simu yake haipokelewi. Mpigie jirani, mpigie mtu yeyote, waje. Najua umenikasirikia. Leo usinikasirikie." Kikohozi, kiganja juu ya mbao. "Mume wangu! Nifungulie! Uko hapo hapo, hunisikii? Nifungulie..."

Inspekta aliizima simu.

"Baada ya hapo alimpigia mumewe mara kumi na moja," Inspekta alisema. "Ya mwisho ni saa nne na dakika arobaini na nne. Hesabu mwenyewe, wewe ni mwalimu. Tangu ulipousikiliza."

Mwalimu alikuwa amekunjamana kitini. "Kila siku alikuwa na kitu," alisema. "Leo pumu, kesho kizunguzungu. Tuligombana Jumapili, nani alimuuguza mama yetu zaidi. Nikasema anataka nimpigie mimi kwanza, ndiyo njia yake ya kupatana. Nikasema aache deko. Nikaingia darasani."

"Dakika thelathini na sita."

"Nilikuwa na kipindi!"

"Jirani yupo mlango wa pili. Ungempigia, angefika kwa dakika mbili."

Mwalimu alijifunika uso kwa viganja. Inspekta alimsubiri bila kumpa kitambaa, ingawa kisanduku cha vitambaa kilikuwa karibu na kiwiko chake. Kivuli kikaangukia meza. Mpima ardhi alikuwa ameingia, amesimama nyuma ya kiti cha mama yake mdogo, na hakuna aliyemzuia.

"Baba alikuuliza," alisema.

"Mwanangu..."

"Mimi nilimkaripia, basi akakuuliza wewe. Aliniambia. Alisema, nimemuuliza mama yako mdogo kama nimepata wazimu. Hakuniambia ulimjibu nini. Ulimjibu nini?"

Mwalimu alitikisa kichwa.

"Jibu," alisema Inspekta, na sasa alishika kalamu. "Hilo ndilo nitakaloandika."

 Nje mtu alifagia korido, akafika mlangoni, akageuka.

"Nilimwambia mimi pia namsikia," mwalimu alisema. "Nikamwambia hatatulia mpaka afunguliwe. Nikamwambia, shemeji, siku akiita tena, usikae. Mfungulie."

Inspekta aliandika kila neno, akalisoma kwa sauti yake ndogo tangu mwanzo hadi mwisho, akamgeuzia karatasi. Mwalimu alitia saini. Askari wawili walimwinua, na alipopita mbele ya mwana wa dada yake alinyoosha mkono kama kawaida yake, amguse bega. Mpima ardhi alirudi nyuma hatua moja. Mkono ukabaki hewani mpaka askari alipouteremsha.

Walipobaki wawili, mpima ardhi hakuondoka.

"Atafungwa muda gani?"

"Sijui. Sheria ina neno kwa mtu aliyechezea kompyuta, na kwa hayo ya mwisho mwanasheria atahangaika. Kwa zile dakika thelathini na sita haina neno."

Mpima ardhi aliitikia kwa kichwa kama aliyetarajia hivyo. Akasimama tu, akikwangua udongo wa kiatu kwa kiatu kingine.

"Afande, mtu akitaka nakala anafanyaje?"

"Nakala ya maelezo?"

"Ya sauti." Aliacha kukwangua kiatu. "Yote. Siyo zile sekunde tisa. Nyumbani hatuna sauti yake nyingine."

Inspekta alikusanya karatasi zake, akazigonga mezani mpaka kingo zikalingana. "Ni kielelezo. Kielelezo hakitoki mpaka kesi iishe. Andika barua kwa mkuu wa kituo, ueleze sababu ya kuihitaji."

Akampa karatasi tupu na kalamu, akatoka. Mpima ardhi alikaa kwenye benchi la korido, akaiweka karatasi juu ya goti. Akaandika tarehe. Akaandika cheo cha mkuu wa kituo. Akaandika *Sababu*, akatia nukta mbili. Saa sita mchana askari wa zamu alipokuja kufunga dirisha la mapokezi alimkuta bado ameinama pale pale, na mbele ya zile nukta mbili hapakuwa na kitu.